Jenereta ya akiba imegoma: soma dalili kabla hujashika spana

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayetunza jenereta ya akiba hapa Mwanza na pembezoni mwa ziwa: kwenye kiwanda cha barafu, kituo cha afya, hoteli, ghala la samaki, chumba cha pampu za maji. Nimeupanga kwa dalili, si kwa vipuri, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku hakuna anayekupigia simu akakutajia kipuri kilichokufa. Anasema tu, "Fundi, imegoma."

Kuna jambo moja la kulielewa kwanza, maana ndilo litakaloelekeza mkono wako mara nyingi. Wakati wa mgawo wa umeme wa 2006 na ule wa 2011, maji ya Bwawa la Mtera yaliposhuka, jenereta za mjini hapa ziliunguruma kutwa kucha. Mashine zililetwa kwetu zimechoka: ringi zimelika, nozeli zimekufa, beringi zinalia. Siku hizi mashine ninayoitiwa mara nyingi ina saa mia mbili au mia tatu tu kwenye geji yake, na rangi yake bado inang'aa. Haijachoka. Imekaa mno.

Sababu iko kwenye gridi ya umeme ya taifa. Umeme wa maji ndio wa bei nafuu, wa gesi unafuata, wa mafuta ndio ghali kuliko yote, kwa hiyo mtambo wa mafuta huitwa mwisho na huzimwa wa kwanza. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoingizwa kwenye gridi Februari 2024, na bwawa lenyewe ni la megawati 2,115, zamu ya mafuta imezidi kuwa fupi, na jenereta yako ya akiba nayo inalala zaidi. Hilo ni jema kwa nchi. Lakini Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ilipopata hitilafu na nchi ikaingia gizani, mashine zilizokuwa zimekaa kimya ndizo zilizotegemewa kuamka mara moja. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, swali la kwanza liwe: kitu gani kiliharibika wakati mashine imelala?

Ukigusa swichi, stata haipigi kabisa au inapiga kwa uvivu

Hapa anza na betri, wala usizunguke. Chukua mita, pima betri ikiwa imetulia. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mashine kubwa hutumia betri mbili zilizofungwa kwa kufuatana, kwa hiyo tarajia kama volti 25.2. Kisha mwambie mtu apige stata huku wewe unaangalia mita. Kila betri ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga, imekwisha, hata kama ilisoma vizuri ilipotulia. Watu wengi hupima ikiwa imetulia tu, wanaridhika, wanafungua stata isiyo na kosa.

Kama betri ni nzima, tazama vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani kwenye tareminali unatosha kuzuia mkondo wote wa stata. Ng'oa, osha kwa maji ya moto, sugua mpaka madini yaonekane, kaza, paka grisi juu.

Halafu jiulize kwa nini betri ilishuka. Betri ya akiba haichajiwi na injini, kwa kuwa injini haiwaki. Inachajiwa na chaja ndogo iliyochomekwa ukutani saa zote. Niliwahi kuitwa usiku kwenye kituo cha afya kimoja kando ya ziwa. Umeme umekatika, friji ya chanjo imezima, mlinzi ananimulikia kwa simu. Betri ilikuwa mpya, haina miezi sita. Nilifuata waya wa chaja kwa mkono, kutoka kwenye betri, nyuma ya tangi, hadi ukutani. Soketi ilikuwepo, na ndani yake kulikuwa na chaja ya simu. Plagi ya chaja ya betri ilikuwa chini sakafuni, na vumbi lililokuwa juu yake lilinionyesha kwamba iko pale muda mrefu. Sista aliyekuwa zamu aliniuliza kwa upole, "Kumbe hii nayo ilikuwa na kazi?" Sikumlaumu, hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Tangu siku hiyo sifungi chaja ya betri kwenye soketi. Naiunganisha moja kwa moja kwenye breka yake ndogo, na breka naiandikia kwa kalamu ya wino mzito: CHAJA YA BETRI, USIZIME.

Kama betri na waya ni vizima na bado kimya, tazama vitu viwili rahisi: kitufe chekundu cha dharura kimebanwa? Swichi ya paneli iko kwenye oto, au mtu aliyefanya usafi aliizungusha ikabaki imezimwa? Nimesafiri hadi Magu kwa ajili ya kitufe chekundu.

Stata inapiga kwa nguvu, injini haishiki

Injini ya dizeli inahitaji hewa, mgandamizo na mafuta safi. Kwenye mashine iliyokaa, karibu kila mara ni mafuta.

Tazama eksozi wakati stata inapiga. Hakuna moshi hata kidogo? Mafuta hayafiki kwenye silinda. Angalia tangi, angalia koki, sikiliza solenoidi ya mafuta, ile vali ya umeme inayofungulia mafuta: ukiwasha paneli inapaswa kupiga "tak" moja. Ikiwa kimya, haina umeme au imeganda. Ikipiga, basi kuna hewa kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, pampu kwa kidole gumba ile pampu ndogo ya mkono. Mwanzo yatatoka mapovu kama ya soda, yakikatika-katika, endelea tu. Mafuta yakianza kutoka kama uzi mmoja usio na povu, kaza skrubu huku bado unapampu. Kisha jiulize hewa iliingilia wapi: mpira uliokauka, klipu iliyolegea, washa ya shaba iliyorudiwa kutumika mara ya pili. Ukitoa hewa bila kuziba ilikoingilia, wiki ijayo utarudi palepale.

Kuna moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli? Mafuta yanafika lakini hayashiki moto. Hapo shuku maji. Sisi tunaishi juu ya ziwa. Usiku hewa ni nzito, na tangi lililobaki nusu linapumua hewa hiyo kila siku. Baridi ya alfajiri inageuza unyevu kuwa matone ukutani mwa tangi, matone yanashuka chini ya dizeli, na mahali dizeli na maji yanapokutana huota utando laini wa kahawia wa vijidudu. Fungua koki ya chini ya kichujio cha maji, kinga kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi, inua kwenye mwanga. Maji yatajitenga chini yenyewe. Ukiona utando, kubadili filta peke yake hakusaidii. Toa mafuta yote, osha tangi, ndipo ubadili filta, tena ununue mbili, maana ya kwanza itaziba.

Jaza tangi juu baada ya kila jaribio, hewa isipate nafasi. Na dizeli iliyokaa zaidi ya mwaka usiiamini. Itumie kidogo kidogo kwenye majaribio na uweke mpya.

Imewaka vizuri, lakini baada ya nusu saa au saa moja inazima yenyewe

Soma paneli kabla hujaiwasha tena. Mashine imezima kujiokoa, na sababu imeandikwa hapo: joto limezidi, presha ya oili imeshuka, au mzunguko umepungua. Nimeona injini zilizouawa na mtu aliyefuta onyo na kuwasha mara tatu mfululizo.

Joto likizidi, watu hukimbilia themostati. Hapa ziwani anza na rejeta, na uitazame kwa nje na kwa ndani ya nafasi iliyo kati yake na feni. Wenyeji wanajua: siku za giza, mwezi unapokuwa haupo na wavuvi wa dagaa wanapoingia majini na taa zao, ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka wanapotoka kwa wingi. Wanatanda juu ya maji kama moshi, upepo unawaleta nchi kavu, nao wanafuata taa. Umeme ukikatika mtaa mzima, taa pekee inayowaka ni ya kwako, na chini ya taa hiyo kuna feni inayovuta hewa kwa nguvu. Asubuhi rejeta ina blanketi la kijivu, laini, linalonuka kama samaki aliyekauka. Ukililowesha likiwa pale linageuka udongo. Lipige brashi kwanza likiwa kavu, kisha upulize hewa kutoka nje kurudi upande wa feni, kinyume na hewa inavyopita mashine ikifanya kazi, ndipo uoshe kwa maji yenye presha ndogo ili usilaze mapezi ya rejeta. Filta ya hewa nayo ifungue siku hiyohiyo, watakuwemo. Na taa ya chumba cha jenereta ihamishie mbali na mlango wa hewa. Hilo peke yake limenipunguzia simu za usiku.

Kisha angalia mkanda wa feni na kiwango cha maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Halafu simama ndani ya chumba mashine ikifanya kazi: hewa ya moto ikirudi kukupiga usoni, chumba hakipumui. Mafundi waashi wetu hupenda kuacha tundu dogo ili mvua isiingie. Tundu la kutolea hewa lisiwe dogo kuliko uso wa rejeta, na kati ya rejeta na ukuta weka mfereji wa bati au turubai ili hewa ya moto isigeuke nyuma.

Presha ya oili ikishuka baada ya muda, pima kiwango, kisha nusa kijiti cha kupimia. Oili inayonuka dizeli na kuzidi alama ya juu maana yake mafuta mabichi yanapita kwenye ringi na kushukia chini. Hiyo inatuleta kwenye ugonjwa ninaoujali kuliko yote.

Maungio ya eksozi yanatokwa na weusi kama lami

Utauona kwenye maungio ya bomba, chini ya tabo (feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi), na wakati mwingine sakafuni: matone meusi, mazito, yanayonata. Watu hudhani ni oili inavuja, wanabadili gasketi. Weusi unarudi.

Ni dizeli ambayo haikuungua sawasawa, imechanganyika na masizi na oili. Chanzo ni mzigo mdogo mno. Injini ya dizeli imetengenezwa kufanya kazi. Ikibeba taa tano na kompyuta mbili, silinda hazipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na ringi, ambazo husukumwa na presha ya moto zibane ukuta wa silinda, hazibani. Oili inapanda juu, dizeli inashuka chini, masizi yanaganda kwenye nozeli na kwenye tabo. Baada ya miezi, kuta za silinda zinapata mng'ao wa kioo ambao oili haishiki tena. Ikifika hapo, ni kufungua injini na kusugua silinda upya.

Ugonjwa huu huletwa na mambo mawili yenye nia njema. La kwanza ni kununua kubwa "ili itutoshe na kesho". Unakuta zahanati ina jenereta ya kVA 100 na mzigo wake wote haufiki kilowati 10. La pili ni jaribio la Jumatatu: mlinzi anawasha dakika kumi bila mzigo wowote, anasikia inaunguruma, anazima, anaweka tiki kwenye daftari. Jaribio la namna hiyo linamaliza mashine polepole, na tiki zinaonyesha kwamba yote ni salama.

Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni nusu saa kila mwezi, mashine ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Igeuze iwe ampia, uisome kwenye paneli. Jenereta ya kVA 100, fezi tatu, volti 400, ikijaa inabeba ampia 144 kila fezi. Asilimia 30 ni ampia 43. Andika namba hiyo kwa rangi pembeni mwa geji. Jaribio lisilofika pale halihesabiwi.

Mzigo utautoa wapi? Kiwanda cha barafu hakina shida, kina kompresa zake. Kituo cha afya kinaweza kufanya jaribio siku ya kuchemsha vifaa, kwa kuwasha mashine ya mvuke, hita za maji na viyoyozi kwa pamoja. Pasipo na chochote, elementi za hita zilizofungwa kwenye pipa la maji hufanya kazi hiyo, mradi waya, breka na waya wa ardhi vifungwe na fundi umeme, na mtu asisogelee pipa.

Mashine iliyokwisha kupata weusi hutibika mapema. Ipandishe taratibu: asilimia 30 kwa nusu saa, 50 kwa saa moja, kisha 75 kwa saa mbili au tatu. Itatoa moshi mwingi mwanzoni, majirani wataarifiwe. Usiipeleke juu ghafla, maana yale masizi yenye mafuta ndani ya bomba yanaweza kushika moto. Mtu akae karibu na mtungi wa kuzimia moto mpaka moshi usafike. Moshi ukigoma kusafika baada ya hapo, silinda zimeshapata kioo.

Kuhusu rangi za moshi, kwa ufupi: mweusi ni hewa haitoshi au mzigo umezidi, mweupe ni mafuta mabichi, au maji ya rejeta kama unapungukiwa maji bila kuona yanakovuja, wa buluu ni oili inaungua.

Injini inaunguruma, umeme hakuna

Pima kwenye tareminali za alternata yenyewe, ile sehemu inayozalisha umeme, si kwenye paneli ya jengo. Volti zipo? Basi kosa liko mbele: breka imeanguka au swichi ya kubadilishia haikugeuka. Hakuna hata volti moja? Alternata imepoteza ile sumaku kidogo inayobaki ndani ya chuma, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa miaka; fundi umeme ataiamsha kwa betri kwa uangalifu. Zipo volti chache tu? Tazama AVR, kile kifaa kinachorekebisha volti, na fyuzi yake. Volti zimepanda kupita kiasi? Zima papo hapo. Mara nyingi waya unaoipelekea AVR habari ya volti umechomoka, nayo inaendelea kuongeza bila kujua ilipofika.

Kompresa ikiingia, taa zinafifia na kila kitu kinazima

Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampia mara sita hadi nane ya zile inazotumia ikishakimbia. Gridi inalibeba hilo bila wewe kuona. Jenereta yako inainama. Volti inaanguka, masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) yanashuka chini ya hezi 50, kontakta, zile swichi za sumaku za mota, zinaachia, kiza. Dawa ni kupanga foleni: pampu kubwa kwanza jenereta ikiwa tupu, kisha nyingine, kila moja ikipewa nusu dakika, taa na friji ndogo mwisho. Kompresa kubwa iwashwe kwa sta-delta, ufungaji unaoianzisha mota kwa volti ndogo kwanza, inapunguza mvuto hadi theluthi moja.

Kama ilikuwa inaweza zamani na sasa haiwezi, badili filta ya mafuta na ya hewa kabla hujagusa gavana, kile kidhibiti mwendo wa injini. Na kama haikuwahi kuweza tangu siku ya kwanza, soma kibao chake. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari; hewa yetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Jenereta iliyojaribiwa Dar ikabeba mzigo wote haikudanganya, ila huku imekuja kupumua hewa nyingine.

Mota zinazunguka, lakini maji hayapandi

Umehamia kwenye jenereta, pampu inalia kama kawaida, bomba linatoa maji kidogo au halitoi. Au feni ya baridi inapuliza upande usio wake. Fezi za jenereta zimefungwa kwa mpangilio tofauti na wa gridi, kwa hiyo mota za fezi tatu zinakimbia kinyume. Zima haraka, baadhi ya kompresa hufa kwa dakika chache zikizungushwa kinyume. Badilisha waya zozote mbili za fezi upande wa jenereta. Usibadilishe kwenye mota, maana utakuwa umeharibu kwa ajili ya gridi. Pima mpangilio wa pande zote mbili kila baada ya matengenezo yoyote ya nguzo nje, hata kama walikuambia hawakugusa kitu.

Umeme wa gridi umerudi, dakika tatu baadaye umekatika tena

Hapa kosa si la mashine yako. Mtaa ukikaa gizani saa nne, kila friji, kila kompresa, kila pampu inasubiri. Umeme ukirudi vyote vinavuta kwa mpigo mmoja na laini inazidiwa. Mwenye jenereta ana nafasi ya kuisaidia gridi hapa: weka swichi yako isubiri dakika kumi hadi kumi na tano za umeme uliotulia kabla ya kurudi. Unakilinda kiwanda chako na volti inayoyumba, na unampunguzia mzigo yule mama wa Igogo mwenye friji moja ya juisi. Kisha iache injini izunguke bila mzigo dakika tatu hadi tano ipoe kabla ya kuzima, hasa yenye tabo.

Swichi ya kubadilishia lazima iwe na kizuizi cha chuma kinachofanya jenereta na gridi zisiweze kuungana hata kwa bahati mbaya. Umeme wako ukitoka nje, transfoma ya mtaani inaupandisha hadi maelfu ya volti kwenye waya ambao fundi aliye juu ya nguzo anaamini umekufa. Nikikuta breka mbili za kawaida zimepangwa ubavu kwa ubavu na karatasi imeandikwa "usiwashe zote", sigusi kitu kingine chochote mpaka hilo litengenezwe.

Mashine inayofungwa pamoja na gridi: inaingia, sekunde chache inatupwa nje

Hii ni ya wenye mitambo mikubwa kidogo. Relei (kifaa cha ulinzi kinachofungua breka) inasema umeme umerudi nyuma, maana yake gridi imeigeuza jenereta yako kuwa mota na inaisukuma injini. Karibu kila mara mwendeshaji alifunga breka na hakuongeza mafuta. Kabla ya kufunga, masafa yako yawe juu ya ya gridi kwa chembe tu, sindano ya kifaa cha kulinganisha jenereta na gridi itembee polepole upande wa saa, funga inapokaribia kumi na mbili, na mkono wako uwe tayari kwenye gavana kupandisha kilowati mara moja.

Ukiona kilowati ni sahihi lakini ampia ni nyingi kuliko hesabu, tatizo ni volti, si mafuta: alternata inalazimishwa kuinua volti ya laini yote. Jambo hilo si baya likipangwa. Mwanza iko mwisho wa safari ndefu. Umeme unatoka Kidatu, Mtera, Rufiji na mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, unapita Iringa na Shinyanga kwa zaidi ya kilomita 600 kati ya miji hiyo miwili peke yake, na jioni volti huwa imechoka. Mtambo ulio karibu na watumiaji, kama ule wa mafuta mazito wa Nyakato wa megawati 60 uliozinduliwa mwaka 2013, una thamani yake hapo hata ukiwa unatoa umeme kidogo, kwa sababu unashikilia volti mahali inapotumika na unaweza kuamka pasipo kungoja laini ndefu.

Mafuta mazito yana dalili yake moja inayosumbua kuliko zote: mashine ilizimwa jana ikiwa nzima, leo haizunguki wala pampu ya nozeli haisogei. Mafuta hayo yakipoa yanakuwa kama lami. Ili yaingie kwenye nozeli yanatakiwa yachemshwe hadi nyuzi 110 na zaidi, kwa mvuke au hita. Kwa hiyo dakika za mwisho kabla ya kuzima, geuza koki uchome dizeli nyepesi mpaka mabomba yote yasafike. Ikiwa gridi ilikata ghafla na mashine ikazima na mafuta mazito ndani, hita za mabomba ziwashwe kwanza, na usipige stata mpaka bomba la kurudishia mafuta liwe la moto kulishika.

Na kwa mtambo unaopoozwa kwa maji ya ziwa, joto likipanda polepole kwa siku mbili tatu bila mzigo kuongezeka, tembea hadi kwenye mlango wa kuvutia maji. Upepo ukigeuka, magugu maji yanahama usiku mmoja kutoka ghuba moja hadi nyingine. Mizizi yake inapita kwenye wavu wa nje ikiwa imekatika-katika, inajikusanya kwenye chujio la ndani, na presha kabla na baada ya chujio zinaachana. Fungua chujio, lisafishe, kisha usafishe wavu wa nje kwa mashua, kuanzia upande upepo unakotoka.